Askari wastaafu, afya ya akili na fedha za halmashauri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya tumeyaokota misibani, barazani na kwenye foleni za ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Wanaouliza zaidi ni wake na watoto wa askari; askari wenyewe huuliza kwa kuzunguka, kana kwamba wanamsemea jirani. Aliyeandika majibu ni mtoto wa mgambo aliyepigana Kagera, na amewahi kukaa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata huko Uwanda wa Makonde. Mlango wa mbele wa halmashauri anaujua, na wa uani pia.

Je, halmashauri yetu ina fungu la askari wastaafu?

Kwa kawaida hakuna. Bajeti za halmashauri zinawatambua wanawake, vijana, wenye ulemavu, wazee na watoto. Askari mstaafu hayumo kwa jina lake. Mambo yake yanahesabiwa kuwa ya Wizara ya Ulinzi na JKT, na pensheni yake haipiti mezani kwa mkurugenzi.

Jibu hili limewakatisha tamaa wengi wakarudi nyumbani. Tungependa usirudi. Siku anapovua gwanda, mzee huyo anakuwa mkazi wa kijiji chake, na mkazi anaidai halmashauri huduma ya afya na ya ustawi wa jamii. Ukienda kuomba "msaada wa maveterani" utaambiwa uende Dodoma. Ukienda kuomba huduma ya mkoba ya afya ya akili kwa kata yenye wazee kadhaa waliopitia vita, umeomba kitu ambacho tayari kina mahali pake kwenye mpango.

Huduma ya mkoba ndiyo ipi?

Ile ile mnayoijua kwa chanjo: mtoa huduma anafunga vifaa, anapanda gari au pikipiki, anawafuata watu waliko. Kwa afya ya akili, anayekuja ni muuguzi au tabibu aliyesomea magonjwa ya akili, mara nyingi pamoja na afisa ustawi wa jamii na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji hicho. Anasikiliza, anapima, anaandika dawa au anatoa rufaa, na anapanga siku ya kurudi. Asiporudi, wala asihesabu kwamba amefanya kazi.

Kwenu askari mstaafu ni nani? Mjomba wangu hana hata karatasi moja.

Kwa huduma hii karatasi haihitajiki. Zahanati haiulizi namba ya jeshi.

Lakini tuseme kwa kirefu kidogo, maana kusini hapa historia imelaliana. Wapo waliokwenda Kagera baada ya majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka Oktoba 1978. Wengi hawakuwa wanajeshi wa kuajiriwa. Walikuwa mgambo waliookotwa vijijini, wakapewa mafunzo, wakafika Kampala Aprili 1979, kisha wakarudishwa kwenye mikorosho yao. Kijana wa miaka 20 wakati ule alizaliwa 1958. Leo ni mzee, na wapo ambao hawajawahi kumsimulia mtu. Wapo waliopelekwa Msumbiji miaka ya 1980. Wenzao waliofia huko wana makaburi ya mashujaa pale Naliendele, Mtwara. Wapo vijana zaidi waliotoka Kongo, kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoanza 2013, na waliokuwa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na jeshi la SADC kuanzia 2021.

Wapo pia ambao hawakuwahi kuvaa gwanda. Nachingwea ilikuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na vijiji vya kando ya Ruvuma viliishi na vita ya Wareno miaka mingi. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa kutoka ng'ambo ya mto. Mama aliyekimbia usiku huo na watoto mgongoni anakaa foleni ile ile. Ukiandika ombi, waweke wote. Ombi linakuwa na uzito, na ni haki.

Nitajuaje kama mzee wangu ana tatizo au ni hasira za uzee tu?

Tazama usingizi wake kwanza. Anakurupuka? Anapiga kelele, anampiga anayelala naye bila kujua? Hataki kukaa akiupa mlango mgongo? Pwani ya Kilwa na Lindi wavuvi haramu wamewahi kusumbua sana kwa baruti. Mzee mwingine akisikia mlio huo analala chini, kisha anaona aibu siku nzima. Radi nayo hivyo hivyo. Wengine hawashtuki kabisa: wamenyamaza, hawaendi msikitini wala kanisani, hawaendi kwenye unyago wa wajukuu, wanakaa tu.

Halafu kuna pombe. Msimu wa mabibo uraka, pombe ya mabibo hayo, ni rahisi kuliko chai, na nipa, ile kali ya kukenekwa, haiko mbali. Mtu anayekunywa ili alale si sawa na mtu anayekunywa ili acheke. Mkewe anaijua tofauti hiyo, muulizeni yeye.

Dalili zikizidi mwezi mmoja na zikamzuia kulima, kulala au kukaa na watu, hiyo si hasira ya uzee. Ni maradhi yanayotibika, kwa mazungumzo, kwa dawa au kwa vyote viwili.

Wazee wanasema ni mahoka, yaani mizimu, au damu ya aliowaua inamfuata.

Hatubishani nao. Familia ikitaka kufanya tambiko lake, ifanye. Tunaomba mawili: mzee asifungwe kamba wala asipigwe, na dawa za hospitali zisikatishwe ili kupisha za mganga. Na ukweli ni kwamba fundi wa kienyeji mwenye busara ana faida yake, kwa kuwa ndiye anayeonwa kwanza. Timu za mkoba zinazoanza kwa kumsalimia hupata wagonjwa wengi kuliko zinazompita.

Basi fedha zenyewe zinatoka wapi?

Hapa tutakaa kidogo.

Mlango wa kwanza ni Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, ambao watu wa ofisini huuita CCHP. Huandaliwa kila mwaka na timu ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Ndani yake kuna eneo la magonjwa yasiyoambukiza, ambamo afya ya akili imo, na kuna eneo la ustawi wa jamii. Sehemu ya fedha za mpango huo hutoka kwenye Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambao wafadhili wamekuwa wakiuchangia tangu 1999. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko huo huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati au kituo cha afya. Maana yake kamati ya usimamizi ya zahanati yenu, ile ya majirani mliowachagua wenyewe, ina sauti. Ikipanga safari nne za mkoba kwa mwaka, zimepangwa.

Mlango wa pili ni mapato ya ndani. Huku kwetu mapato ya ndani ni korosho, na kwa Kilwa na Mtwara Vijijini kuna ushuru wa huduma unaotokana na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay. Ushuru wa mazao ni asilimia 3, anaulipa mnunuzi. Sehemu ya mapato hayo lazima iende kwenye maendeleo, na kiwango kinapanda kadiri halmashauri inavyokusanya zaidi. Shida ni kwamba "maendeleo" kwenye macho ya wengi ni tofali na bati. Diwani anapenda jengo kwa sababu jengo linapigwa picha. Safari ya muuguzi kwenda Mahuta haina utepe wa kukata.

Mlango wa tatu ni wadau: hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao, mashirika, na kampuni zinazofanya kazi mkoani. Huo ni mzuri kwa kuanzia na mbaya kwa kutegemea. Mradi ukifungwa, gari linaondoka na mafaili.

Tuanzie kwa nani, na lini?

Anzeni kijijini, na mwanze mapema kuliko mnavyodhani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti yake imeshaiva miezi mingi nyuma. Vijiji vinaibua mahitaji kati ya Oktoba na Desemba hivi, kata inayachambua, Baraza la Madiwani linapitisha Januari au Februari, Bunge linamaliza Juni. Ukimfuata diwani mwezi wa Mei atakusikiliza kwa adabu, na hapo ndipo mambo yanapoishia.

Kwa hiyo hakikisheni jambo limesemwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji na limeandikwa kwenye muhtasari. Msisitize hilo la muhtasari. Mtendaji wa kijiji anaupeleka kata. Kamati ya Maendeleo ya Kata inaupitisha. Diwani anaubeba hadi kwenye kamati ya huduma za jamii. Wakati huo huo, mtu mmoja kati yenu aende kwa mratibu wa afya ya akili wa wilaya. Mtu huyu yupo, ingawa mara nyingi ana kazi nyingine tatu, na anafurahi mno akiona wananchi wamemjia. Yeye ndiye anayeandika shughuli hiyo kwenye PlanRep, mfumo wa kupangia bajeti. Shughuli isiyoingizwa humo hailipwi, hata kama baraza zima lilipiga makofi.

Kwa nini mnataja korosho kila mara?

Kwa sababu fedha iliyo kwenye karatasi na fedha iliyo benki ni vitu viwili. Minada huanza Oktoba. Ushuru unaingia kati ya Oktoba na Januari, na hapo mweka hazina anatabasamu. Kufika Machi mfuko umenywea, na shughuli laini kama zetu ndizo za kwanza kuahirishwa. Msimu wa 2018/19, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likabeba magunia, halmashauri za huku ziliuona mwaka mgumu, kwa kuwa mnunuzi anayetozwa ushuru hakuwepo kama kawaida.

Ndiyo maana tunashauri safari nyingi ziwekwe robo ya pili, Oktoba hadi Desemba. Fedha ipo, barabara ya Liwale bado inapitika, na ndiyo miezi ya uraka, wakati mzee anapohitaji kuonwa. Mtauliza: si watu wote wako mikoroshoni? Wako. Lakini kila mmoja lazima afike ghalani. Wekeni kliniki karibu na ghala siku ya kupokea mzigo, isiwe siku ya malipo. Siku ya malipo hakuna atakayewasikiliza.

Ombi liandikwe vipi?

Fupi, na dogo. Tumeona maombi ya kituo kizima cha ushauri chenye ukumbi, yanakaa kabatini. Ombi lililokubaliwa kwetu lilikuwa na hesabu ya kawaida kabisa: kijiji kiko kilomita 60 kutoka hospitali ya wilaya, kwenda na kurudi 120, gari linakula lita moja kwa kilomita sita, yaani lita 20 za dizeli, watumishi watatu, posho ya siku moja, mara moja kila mwezi kwa miezi sita. Chini yake, idadi ya kaya zenye mtu aliyepitia vita, bila majina. Majina msiyaandike kamwe kwenye karatasi inayopita ofisini.

Ongezeni mstari mmoja wa dawa. Amitriptilini, fluksetini, haloperidoli ni za bei nafuu, lakini zikikosekana zahanati ya karibu, safari yote imekuwa ya salamu.

Mkopo wa asilimia 10 unatusaidia?

Kwa matibabu, hapana. Ni mkopo wa biashara: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, kutoka mapato ya ndani. Ulisimamishwa Aprili 2023 na baadaye ukarudi kwa utaratibu mpya. Askari aliyepoteza mguu anaweza kuingia kwenye ile 2, na mkewe kwenye 4 ya wanawake. Kuwa na kazi ya kufanya asubuhi ni nusu ya dawa, hilo tunalikubali. Ila msimsukumie mkopo mtu ambaye hajalala wiki tatu.

Fedha zilipitishwa, lakini gari halikuja. Tufanye nini?

Poleni. Yametupata. Kuna mwaka kata yetu ilipata safari sita kwenye mpango wa halmashauri moja ambayo hatuitaji. Safari ya kwanza ikaja. Ya pili gari likawa "kwenye ziara". Mwisho wa mwaka tuliambiwa fedha zilihamishiwa kwenye shughuli nyingine ya dharura, na kwa karatasi kila kitu kilikuwa sawa. Wazee wawili walishaanza dawa. Kaka yangu alikuwa akiwapakia kwenye bodaboda mpaka Newala mpaka naye akachoka.

Tulichojifunza ni kuuliza kila robo, si mwisho wa mwaka. Baraza la Madiwani hukaa kila miezi mitatu na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Mpeni diwani swali lililoandikwa, lenye namba ya shughuli kama ilivyo kwenye mpango: imetolewa shilingi ngapi, safari ngapi zimefanyika. Swali lenye namba ni gumu kulikwepa. Na ule mgao ulioko kwenye akaunti ya zahanati unasomwa kwenye kamati ya zahanati. Ndiyo sababu tunaupenda kuliko ule wa makao makuu.

Nani anamlipia matibabu akifika hospitali?

Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bila malipo. Afisa ustawi ndiye anayemthibitisha. Magonjwa ya akili ya muda mrefu nayo yamo kwenye msamaha. Tatizo la kweli ni dawa kuisha dirishani. Kesi nzito hupelekwa Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, na zinazoshindikana huenda mbali zaidi, hadi Mirembe, Dodoma. Nauli ya rufaa mara nyingi inabaki kwa familia, na hakuna haja ya kulipamba hilo.

Akionekana kliniki ya akili, pensheni itakatwa?

Haikatwi. Ameipata kwa utumishi wake, na muuguzi hana pa kuipeleka taarifa hiyo.

Kwa nini tusisubiri serikali kuu? Mbona Marekani wanafanya?

Marekani wana wizara nzima ya maveterani, na bado serikali za chini zinatoa fedha zao. Jimbo la California, kwa mfano, wananchi walipiga kura 2004 kuwatoza wenye kipato kinachozidi dola milioni moja kwa mwaka asilimia 1 ya ziada, na fedha hizo zikapelekwa kwenye kaunti kwa ajili ya afya ya akili. Sisi hatuna mamilionea wa namna hiyo Tandahimba. Cha kutazama ni kwamba walitaja chanzo kimoja na kazi moja. Halmashauri ya korosho nayo inaweza, kwa azimio la baraza, kuweka kiasi kinachojulikana cha mapato yake ya ndani kwa huduma ya mkoba. Muungano wa wanajeshi wastaafu, MUWAWATA, ukitia neno lake kwenye ombi hilo, madiwani hukaa wima.

Mzee hataki kabisa kwenda.

Usimwite mgonjwa. Wengi wamekubali walipoambiwa wanapimwa presha, na presha ikapimwa kweli, kisha muuguzi akauliza habari za usingizi. Huo si uongo. Presha zao mara nyingi ziko juu. Askari mwenzake ana nguvu kuliko sisi watoto: tafuteni aliyekuwa naye kikosi kimoja, waacheni wawili chini ya mkorosho. Na huku kwetu mjomba bado ana kauli. Binamu yangu alikataa kwa miaka minne, mjomba akaja kutoka Ruangwa, akasema maneno matatu, kesho yake wakaondoka pamoja.

Akisema anataka kufa?

Usimwache peke yake, hata dakika ya kwenda kuchota maji. Ondoeni nyumbani viuatilifu vya korosho, gobore, kamba. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199 kwa ushauri. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inataja kujaribu kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo huwafanya watu wafiche. Msifiche. Mnampeleka kwa tabibu ili atibiwe, na maneno aliyoyasema kwa uchungu hayajawa jaribio.

Sisi wake je?

Nanyi mna haki ya kukaa kwenye kile kiti mbele ya muuguzi. Kwenye ombi andikeni "na familia zao", maneno matatu tu. Bila hayo mtaambiwa huduma ni ya wazee. Mama yangu alilala chumba cha pili miaka kumi na moja, hakuna aliyemuuliza kitu.

Siku kliniki ikija kijijini kwetu, tujiandae vipi?

Pasiwe karibu na mashine ya kusaga, kelele zinawafukuza. Kivuli cha mwembe kinatosha, ila anayeongea na muuguzi akae mbali na foleni, na awe ameelekea njia ili aone anayekuja. Majina yasiitwe kwa sauti, gawieni namba. Maji ya kunywa yawepo. Msiwapange kwa vyeo, maana wapo watakaotaka. Na dereva aambiwe mapema asipige honi akifika.